Kwanza Cheza Bila Nyumba

Wajukuu zangu.

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo mnaondoka kabla sijafika katikati. Jumamosi ile mlikuja barazani kwangu mmebeba boksi zito. Mwenzenu anayefanya kazi kwenye kambi ya wageni upande wa Tungamalenga alipewa na mtalii aliyeona mzigo wake umezidi kilo za ndege. Mkalifungulia mkekani. Ndani mna ramani ya karatasi ngumu, vipande vya mraba mia kadhaa, kila kipande na tarakimu tatu ndogo kama mchanga, na kitabu cha sheria cha kurasa arobaini na ushee. Mchezo wa vita, mkaniambia, vita vya kweli vya Ulaya, si vya kubuni. Mlikaa nao tangu alasiri. Mkapanga vipande, mkagombania maana ya ukurasa wa kumi na saba, taa ya sola ikafifia, na hakuna askari hata mmoja aliyekuwa amepiga hatua. Asubuhi nikakuta kuku wamekwishatawanya jeshi la mashariki mpaka jikoni.

Nilicheka, nakiri. Baadaye nikawaza kwamba hamkukosea kuupenda mchezo ule. Mlikosea mlango. Mliingilia paani.

Mimi nimeshika chaki miaka 28 nikifundisha historia, na bao nimelicheza tangu sijaota jino la mwisho. Kwa hiyo nisikilizeni katika hili, hata kama katika mambo ya simu nyinyi ndio wazee na mimi ndiye mtoto.

Baba yangu alikuwa na ubao wa mninga. Ninao mpaka leo, ule wenye ufa uliobanwa kwa waya. Nilipomwomba anifundishe alinitazama, akazimwaga komwe zote chini, akaanza kuzijaza mbili mbili katika kila shimo. Nikamwambia, mbona nyie wakubwa hamchezi hivyo? Nyie mnaanza na mashimo matatu tu, na nyingine mnashika mkononi. Akasema, "Wewe leo huna nyumba. Ukijua kuishi bila nyumba nitakupa nyumba."

Bao kamili ni mchezo mgumu, tusidanganyane. Mashimo 32, mistari minne ya manane manane, kete 64. Kila mtu anaanza na kete sita kwenye nyumba, lile shimo lake kuu la mstari wa mbele, mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuume kwake, na 22 zimebaki mkononi za kunamua, yaani kuingiza ubaoni moja kwa kila zamu. Hapo kuna kichwa na kimbi, yale mashimo ya ncha za mstari, kuna wakati wa kula na wakati wa kutakata, yaani kugawa bila kula, kuna lini nyumba inalala na lini inasafiri. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, na alikuwa mtu aliyezoea kufikiri. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, aliandika mwaka 1995 kitabu kizima juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, watu wanaoweza kucheza hata bila kuutazama ubao. Ukimkalisha mtoto mbele ya fundi wa namna hiyo siku ya kwanza, mtoto atajifunza jambo moja tu, kwamba yeye ni mjinga. Na si kweli.

Ndiyo maana kuna bao la kujifunza. Jina lenyewe linasema. Kete mbili kila shimo, zote ziko ubaoni, hakuna kunamua, hakuna nyumba. Mnaanzia kwenye mtaji moja kwa moja, yaani kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Chukua zile mbili za shimo la tatu mstari wa mbele, zigawe moja moja. Ya mwisho inaangukia shimo la tano, inakuta wenzake, na ng'ambo yake kuna mbili za adui. Umekula. Zamu ya kwanza tu, na tayari pameharibika. Zile ulizokula unazianzishia kichwani kwako, unazigawa tena. Ya mwisho ikikuta watu unaendelea, ikiangukia shimo tupu umelala, mwenzako anashika. Mstari wa mbele wa mtu ukiisha kete, hamna, amefungwa. Robo saa, wakati mwingine chini ya hapo, mnapanga upya.

Jioni ile baba alinifunga mara sita kabla mama hajaita chakula. Ya kwanza sikuelewa. Ya pili sikuelewa. Ya tatu niliona, dakika moja kabla, kwamba mkono wangu wa kulia umebaki wazi, lakini nilikuwa nimechelewa. Ya nne niliona mapema zaidi. Ya tano nilishindwa kwa sababu nyingine kabisa, jambo lililonifurahisha kuliko ushindi. Kama angenianzisha na bao kamili, ningefungwa mara moja tu jioni nzima, na nisingejua nimefungiwa wapi.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia juu ya michezo ya vita, iwe ya komwe, ya visoda au ya makaratasi ya Wazungu. Mgeni anahitaji kushindwa mara nyingi kwa muda mfupi. Mchezo wa siku mbili unakupa kushindwa mara moja tu, tena kunafika ukiwa umeshasahau kosa ulilolifanya jana saa nne. Kile kitabu cha kurasa arobaini si kibaya. Ila kimeandikwa kwa mtu aliyekwisha kufungwa mara mia.

Na msidhani ni sisi tu tusio na subira. Wenye asili ya michezo hii ya makaratasi ni jeshi la Prussia, lililokuja kuwa la Wajerumani. Mwaka 1824 luteni wao, Georg von Reisswitz, aliwapelekea wakuu wake mchezo wa kufundishia maofisa, wenye ramani, vipande na dadu, na refa wa kuamua nani kaumia. Jeshi likaupokea. Lakini sheria zikanenepa mwaka hadi mwaka, mpaka maofisa wapya wakawa wanaukimbia. Mwaka 1876 afisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, akaandika kwamba sehemu kubwa ya sheria zile iwekwe kando, refa mwenye uzoefu aamue kwa akili yake. Maofisa wenye elimu yote ile, nao walikwama ukurasa wa kumi na saba! Na hata sasa kuna Wazungu wanaotengeneza michezo myepesi kwa makusudi. Upo mmoja unaitwa Memoir '44, kautunga Richard Borg, ukatoka mwaka 2004. Unashika kadi chache, kadi inakuambia usogeze vikosi vingapi na upande upi, unatupa dadu, saa moja haijapita mmemaliza vita na mnabadilishana viti. Mkipata mtalii mwingine mwenye mizigo mizito, mwulizieni huo.

Turudi kwetu. Mmoja wenu, yule mrefu, aliniuliza usiku ule swali zuri kuliko yote: Babu, mbona hakuna mchezo wa vita vyetu? Nikalala nalo. Kesho yake nikachukua boksi la sabuni nikalipasua.

Vita vya Lugalo mnavijua kwa jina, kwa sababu kambi kubwa ya jeshi Dar es Salaam imepewa jina hilo. Tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani ambaye watu walimwita Nyundo kwa ukali wake, alikuwa anapita na kikosi chake: Wazungu 13, askari wapatao 320, wapagazi 170 hivi, na mizinga. Njiani alikuwa ameshachoma makazi ya watu. Walikuwa wanatembea mstari mmoja mrefu, njia nyembamba, majani marefu na mawe pande zote. Wahehe wapatao 3,000 walikuwa wamelala majanini wakiongozwa na Mpangile, ndugu yake mkuu wao, Mkwawa. Walipoinuka na mikuki yao, mizinga ilikuwa imefungwa kama mizigo mingine, na wengi wa wale askari hawakupata nafasi ya kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili. Zelewski akafa pale pale. Wazungu kumi kati ya kumi na watatu walikufa, na askari zaidi ya 200. Bunduki zipatazo 300 zikachukuliwa. Mapigano makali yenyewe yalikuwa ya dakika chache, muda wa kuchemsha chai.

Sasa, vita vya dakika chache havihitaji mchezo wa siku mbili. Nikachora njia kwa mkaa, vyumba kumi na viwili, majani huku na huku. Msafara nikaufanya visoda vinane: kimoja cha Nyundo, vitano vya askari, kimoja cha mizinga, kimoja cha wapagazi. Kisoda kimoja cha askari ni watu sitini na kitu. Wahehe nikawafanya punje kumi za mahindi, kila punje watu mia tatu. Wanalala chini ya vipande sita vya karatasi vilivyopangwa kando ya njia, na mwenye Wahehe ana ruhusa ya kuacha karatasi nyingine bila kitu chini yake. Msafara unakwenda vyumba viwili kila zamu. Ukitaka kufunua karatasi moja uangalie kilicho chini, unasimama zamu nzima, na jua halisimami: baada ya zamu kumi ni usiku. Mwenye Wahehe akiamua, anafunua, kila punje iliyo jirani na kisoda inatupa dadu. Nne, tano au sita, kisoda kinalala chali. Waliosalia wanajibu, lakini wao wanahitaji tano au sita, isipokuwa kama walikuwa wamesimama wamejipanga. Sheria zote zinaenea nyuma ya karatasi ya daftari. Nilihakikisha zinaenea. Kila iliyotaka kwenda ukurasa wa pili niliifuta.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilisema msafara ukifika mwisho wa njia umeshinda, usipofika umeshindwa. Nikaucheza na shangazi yenu, na Nyundo akafa mara tano mfululizo. Shangazi akasema, "Baba, huu si mchezo, huu ni msiba." Kweli. Nikakumbuka kwamba kikosi cha nyuma, chini ya Luteni von Tettenborn, kiliponyoka siku ile na mabaki ya watu. Nikabadili: msafara ukitoa visoda vitatu salama, umeshinda mchezo, hata kama umeshindwa vita. Yaani unashindana na historia, ufanye vizuri kuliko alivyofanya yule aliyekuwepo. Tangu hapo ukawa mtamu. Mkitunga wa kwenu shikeni hilo, kwa sababu vita vingi havikuwa sawa kwa sawa, na mtu anayeanza akiwa ameshapoteza hataki kukaa.

Mkumbuke ilivyokuwa mlipoucheza. Yule mdogo wenu alikuwa Nyundo, akaogopa, akafunua karatasi baada ya karatasi. Ya kwanza tupu. Ya pili tupu. Usiku ukamkuta bado njiani. Mchezo wa pili akasema hafunui kitu, akaenda mbio, akafa chumba cha nne. Mchezo wa tatu alikaa kimya muda mrefu, kidole juu ya kisoda, kisha akauliza, "Babu, kwani yeye alikuwa na haraka ya nini?" Katika miaka yangu 28 darasani nimeandika ubaoni "Sababu za kushindwa kwa Wajerumani Lugalo", a mpaka f, wanafunzi wakanakili, wakafaulu mtihani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hivyo.

Jingine. Mlianza kwa kugombana nani awe Wahehe. Hakuna aliyetaka kuwa Mjerumani. Nawaelewa, damu ni damu. Lakini kanuni ya michezo hii ni kucheza mara mbili, mkibadilishana pande, na mshindi ni aliyefanya vyema pande zote mbili. Na mkishika visoda vile mjue mmeshika nini. Wale askari hawakuwa Wajerumani. Wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri na vijana kutoka Msumbiji, watoto wa mama zao, waliotembea mpaka Uhehe kwa mshahara. Wapagazi ndiyo usiseme. Na upande wetu pia walilala watu. Inasimuliwa kwamba Mkwawa alikataza kilio, ili adui asijue hasara. Kwa hiyo punje ikitoka ubaoni msipige vigelegele kama mnatazama mpira. Ni watu mia tatu wale. Cheka mwenzako akikosea, huo ni utani, lakini kifo usikichezee ngoma.

Nawaongezea kitu ambacho walimu wenzangu huwa hawakubaliani nami. Katika drafti, ile mnayocheza pale stendi kwa visoda, vilivyoliwa vinatoka nje, vinawekwa kando ya goti, basi. Sataranji vivyo hivyo. Lakini kwenye bao hakuna kinachotoka. Kete ya adui ukiila inaingia kwenye mstari wako na kesho inamla aliyekuwa bwana wake. Mwanzo wa mchezo 64, mwisho wa mchezo 64. Kwa maoni yangu bao linavijua vita vya nchi hizi kuliko sataranji. Munyigumba, baba yake Mkwawa, hakuijenga Uhehe kwa kuwamaliza majirani. Aliowashinda wakawa Wahehe, na watoto wao wakashika mikuki pamoja na wake. Bunduki za Zelewski nazo zikahamia Kalenga, kwa Mkwawa. Kwa hiyo mkitunga mchezo wa vita vya huku, wekeni sheria ya kete kuhama. Msiige tu ya kutoa nje.

Nimetaja Kalenga. Mnapita hapo kila mnapokwenda Iringa mjini, na wengine hamjawahi hata kukata kona mwingie kwenye jumba la makumbusho. Aibu. Baada ya Lugalo Mkwawa alijua Wajerumani watarudi. Akaimarisha boma la Kalenga, ukuta wa mawe na udongo uliozunguka mji mzima, akaweka humo baruti, bunduki, pembe za ndovu, ng'ombe, kila kitu. Gavana wao, von Schele, akaja na mizinga, na safari hii haikufungwa kama mizigo. Wazee wanasema jina la Tosamaganga, kurusha mawe, linatokana na mizinga iliyopiga kutoka kilimani. Tarehe 30 Oktoba 1894 boma likaingiliwa. Kila kilichokuwa ndani kikaenda kwa pigo moja.

Mchezaji wa bao akilisikia hilo anashika kichwa, kwa sababu analijua. Ile ni nyumba. Unaipenda nyumba yako, unaiongeza, ina kete kumi, kumi na mbili, kumi na tano, unacheza pembeni pembeni ili usiiguse. Mikono yako yote miwili inadhoofika kwa kuilinda. Kisha mwenzako anapata kete moja mahali pake, anainyanyua yote kwa vidole vyake na kuanza kuigawa upande wake, na unasikia zinavyolia kwenye mbao, to, to, to, mpaka unachoka kuhesabu. Karibu kila mgeni anafungwa hivyo. Mimi sisemi Mkwawa alikuwa mgeni wa vita, Mungu aniepushe, yule ndiye aliyekuwa amemlaza Nyundo. Nasema hata fundi anaweza kuipenda nyumba.

Na baada ya hapo tazameni alivyocheza. Miaka minne bila nyumba! Hana boma, hana ghala, anahama usiku, anapiga na kupotea, huku kichwa chake kimewekewa rupia 5,000. Ndugu yake Mpangile Wajerumani walimtawaza mwishoni mwa 1896, na mwanzoni mwa 1897 wakamuua wenyewe. Mkwawa akaendelea mpaka 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, akajipiga risasi asishikwe. Kama ningekuwa kijana ningetunga mchezo wa miaka ile minne. Ni mgumu kuliko Lugalo, kwa sababu mmoja anatafuta na mwingine anajificha, na wote wawili wana njaa. Nimejaribu mara mbili, sijaupata. Mnaweza kunishinda katika hilo.

Sasa mtaona kwa nini baba alininyima nyumba siku ya kwanza. Mtu aliyejifunza bila nyumba, akija kupewa, anajua kwamba inaweza kuondoka na maisha yakaendelea. Aliyeanza na nyumba hawezi kufikiri bila hiyo. Mlivyolishika lile boksi mlikuwa hivyo hivyo. Mlitaka kila kipande kikae mahali pake kabla hamjajua kipande kinafanya nini.

Msilitupe. Nimewaokotea vipande kutoka jikoni, vimepungua vinne tu, na kimoja nina wasiwasi jogoo kakimeza. Fanyeni hivi. Wekeni kando robo tatu ya jeshi. Chagueni kona moja ya ramani, vipande sita huku, sita huku. Mmoja asome sheria kwa sauti, na asisome zaidi ya kusogea na kupigana. Hali ya hewa, reli, mafuta, acheni. Chezeni nusu saa, mkosee, mkipata swali amueni kwa kura au kwa dadu na mwendelee. Kesho ongezeni sheria moja. Atakayesema "lakini kitabu kinasema" kabla ya siku ya tatu, apike chai.

Halafu msiweke hela. Najua mmoja wenu ana tiketi za kubeti mfukoni, nimeziona zikidondoka alipoinama kuokota kete. Mchezo ukiwekewa hela, mgeni hathubutu kushindwa, na asiyethubutu kushindwa nimeshasema habari zake. Na wale washauri wa pembeni, wanaosimama nyuma ya mchezaji na kumnong'oneza, au kumpigia kelele "kula, kula hapo!", wafukuzeni, hata kama mmojawapo ni mimi. Nikikaa pembeni ya bao ulimi unaniwasha, ni ugonjwa wa uzee.

Kuna jambo la bahati lililonichekesha nilipolitambua. Fuvu la Mkwawa, lililokuwa limepelekwa Ujerumani, lilirudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kutoka Bremen, gavana wa Kiingereza, Twining, akilikabidhi mwenyewe, baada ya Wazungu kuandikiana juu yake tangu mkataba wa Versailles. Mwaka huohuo, huko Marekani, kijana mmoja, Charles Roberts, alianza kuuza mchezo wa vita ndani ya boksi, Tactics, ambao wengi wanauhesabu kuwa mzazi wa michezo kama ule wa kwenu. Wenzetu walianza kuviweka vita kwenye maboksi mwaka ambao sisi tulikuwa tunatoa kichwa cha mkuu wetu kwenye boksi. Sijui nifanye nini na hilo. Nimeliandika tu.

Mpunga wa jaruba la chini utakuwa umeshapurwa kufikia Ijumaa, na tembo wakituacha tulale, Jumapili nitakuwa na nafasi. Njooni baada ya ibada. Ubao wa mninga utakuwa umeshajazwa mbili mbili kwa ajili ya yule mdogo, na asije akaniomba nyumba. Wengine tutakuwa na Lugalo pale chini ya mbuyu, kwa hiyo leteni visoda vyenu, vyangu mama yenu kavitupa akidhani ni takataka. Nyundo nitakuwa mimi wa kwanza. Na safari hii karatasi ya tatu siifunui. Najua mnapopenda kujificha.